Pampu Iliyokuwa Imezimwa

"Izime!"

"Imezimwa!"

"Mbona naisikia?"

"Unaisikia na nini, mama? Plagi hii hapa!" Fundi Sikio alitoka mlangoni mwa karakana yake ameinua waya juu kama mtu aliyeua nyoka. "Iko mkononi mwangu. Au mkono wangu nao una umeme?"

Foleni nzima ya bombani iliangua kicheko. Ndoo zikawekwa chini. Hakuna aliyekuwa na haraka ya maji tena, maana ugomvi wa Mama Vifungo na jirani yake ulikuwa umeingia wiki ya tatu na kila siku ulikuja na utamu wake mpya.

Mama Vifungo hakucheka. Alisimama kizingitini mwa chumba chake, futi kamba inaning'inia shingoni, kiganja kimebana sikio la kushoto. Du. Du. Du. Kitu kilikuwa kinadunda, tena karibu, kama mtu anayetwanga nyuma ya blanketi.

"Basi unayo nyingine," alisema. "Umeificha."

"Ingia utafute."

"Siingii kwako mimi."

"Mwulize wifi yako. Pua yake imeshaingia zamani."

Kweli, wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke ambaye habari za mtaa zilimpitia yeye kwanza ndipo ziwafikie wenyewe, alikuwa ameshachungulia nyuma ya pipa, chini ya meza na ndani ya kabati la vyuma. Alitoka akijipangusa grisi kidoleni. "Wifi, humu kuna pampu tatu. Moja haina mota, moja haina mfuniko, na hiyo ya plagi." Akashusha sauti, lakini sauti yake hata ikishushwa inafika bombani. "Zote ni maiti."

"Basi mimi naota!" Mama Vifungo alifoka.

Foleni ikaanza kuinua ndoo, na hilo ndilo lililomuuma.

*

Fundi Sikio alitengeneza pampu za maji, na jina lake alilipata kwa namna ya kazi yake. Ukimletea mashine, hakuifungua. Aliiwasha, akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mwili wa mota na mpini akaukandamiza sikioni, kisha akafumba macho. Watu walinyamaza wenyewe. Baada ya muda alifumbua na kusema, "Beringi ya nyuma imekwisha," au, "Hii inasukuma dhidi ya bomba lililoziba." Wakifungua, wanakuta hivyo hivyo. Walikuja watu kutoka mitaa ya mbali kumtazama akisikiliza.

Ukuta wa karakana hiyo ndio ukuta ambao Mama Vifungo aliuegemezea cherehani yake. Alishona sare za shule, na vifungo vyake havikung'oka hata mtoto akivutwa na wenzake watatu. Ndipo jina lilipotoka. Miaka mingi walikaa vizuri, yeye na pampu za fundi. Kisha mdundo ukaanza. Uliletwa na ukimya: akijilaza mchana kunyoosha mgongo, ndio huo. Akiinuka alfajiri, ndio huo, na kisogo kizito kama amelalia tofali. Tundu la sindano likaanza kuwa matundu mawili, na vijidoa vya mwanga vikampita machoni kama vumbi juani. Siku moja damu ilimtoka puani, ikadondokea shati jeupe la mteja, na mteja akalishika shati lile kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Yote hayo Mama Vifungo aliyatundika kwenye msumari mmoja. "Kelele," aliwaambia majirani. "Mtu asiyepata utulivu atakuwa na kichwa gani?" Na majirani, ambao kila mmoja alikuwa na ugomvi wake mdogo na karakana ile, wa grisi njiani au wa umeme kukatika, walikubali. Kumi na mmoja wakatia sahihi barua kwa mwenye nyumba, Mama Kodi: fundi ahamishwe.

Jioni ile ya plagi, mumewe alirudi kutoka kazini na habari zote. Alikuwa karani wa ghala, mtu wa maneno ya kupimwa, na watu walimwita Karani hata nyumbani kwake.

"Mama Kodi anakuja kesho," alisema akivua viatu. "Anataka aamue mwenyewe."

"Aje. Ndicho nilichoomba."

"Na ikionekana si pampu?"

"Si pampu ni nini sasa?"

Karani aliviweka viatu sambamba, akavitazama, akavisogeza tena. "Bombani wanasema nati zako zimelegea."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema umechoka. Ikionekana si pampu, utakwenda kwa kaka yako ukapumzike kidogo. Cherehani tutaifunika."

Mama Vifungo alikaa chini. Aliwajua wanawake waliokwenda kupumzika. Walirudi na kukuta wateja wamezoea kwingine, na wao wenyewe wakizungumzwa kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumzwa wagonjwa walio chumba cha pili.

"Hebu njoo," alimwambia mumewe. "Weka sikio hapa ukutani. Tafadhali."

Karani aliweka sikio. Alikaa hapo muda mrefu, uso umegeukia kwa mkewe, na alitaka kweli kusikia. Hilo lilionekana machoni pake.

"Unasikia?"

"Nakusikia wewe unavyohema," alisema. "Umetoka wapi mpaka uheme hivyo? Umekaa tu."

*

Mama Kodi alifika saa nne asubuhi na mwavuli wake, mwanamke mnene mwenye mkoba uliojaa funguo za watu. Hakupenda maneno mengi.

"Wewe utakaa ndani, mlango ufungwe," alimwambia Mama Vifungo. "Ukisikia mdundo, gonga meza. Usiposikia, acha. Mimi nitakaa karakana na huyu, nimwambie awashe, azime, awashe, kwa ishara. Hakuna atakayedanganya."

"Hapo umesema, mama," fundi alisema.

"Wewe nyamaza, barua bado ninayo."

Ua ulijaa. Hata waliotakiwa kuwa kazini walikuwapo. Mama Vifungo aliketi mezani, akashika mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, na mumewe akasimama nyuma yake kama shahidi. Mlango ukafungwa.

Du. Akagonga. Du. Akagonga.

Nje alisikia mtu aliyeshindwa kujizuia akisema, "Imewashwa," na wengine wakaguna kwa kukubali. Akaendelea kugonga. Kisha, "Imezimwa." Du. Akagonga. Kicheko kidogo kikapita uani. Du. Akagonga. "Bado imezimwa!" Kicheko kikakua. Alielewa basi, alielewa vizuri sana kinachotokea. Angeweza kuweka mkasi chini. Angeweza kufuata sauti za nje. Lakini mdundo ulikuwapo, na yeye aliambiwa agonge akiusikia, na hakujua namna ya kuudanganya mkono wake.

"Anagonga kama seremala!" mtu alipiga kelele.

"Mfungieni basi mizigo aende kwa kaka yake!"

Karani alimwekea mkewe mkono begani. Ulikuwa mkono wa pole, na ulimchoma kuliko vicheko.

Halafu vicheko vikakatika. Havikupungua, vilikatika, kama mtu amezima kitu. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Fundi Sikio, bisibisi ndefu mkononi, na mpini wake ulikuwa umemwachia alama nyekundu sikioni.

"Umekuja kunichekea karibu?" Mama Vifungo alisema.

"Nimekusikiliza ukutani. Gonga tena, mama."

"Sigongi."

"Nakuomba."

Labda ni hilo neno. Aligonga. Fundi alifumba macho vilevile kama mbele ya mota.

"Pampu haiendi hivyo," alisema, akiwageukia waliojazana mlangoni. "Pampu inazunguka. Sauti yake ni moja, ndefu. Hiki anachokisikia huyu kinadunda, kinapumzika, kinadunda. Na hakimpotei hata kidogo. Muongo angepotea." Akamrudia. "Nenda bombani urudi. Upesi kidogo."

"Nifanye mazoezi mbele ya watu?"

"Nenda, wifi, ushamaliza aibu yote," wifi alisema kutoka mlangoni.

Alikwenda. Watu wakampisha. Hatua ishirini kwenda na ishirini kurudi, na alipokaa kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Akachukua mkasi.

Kokoko, kokoko, mkasi ulikimbia juu ya meza.

Fundi aliinua kidole. "Mama Kodi. Umewahi kuona mashine ya jirani inayokwenda mbio kwa kuwa wewe umetembea?"

Mama Kodi aliweka mwavuli chini.

"Karani, mshike mkeo kifundo cha mkono. Si hapo, shemeji, huku, chini ya kidole gumba. Umepata?"

"Nimepata."

"Kila ukipata, sema."

"Sasa," Karani alisema. Ko, ulisema mkasi. "Sasa." Ko. "Sasa." Ko.

Karani alikuwa anasoma mshipa kwa kidole na hakuweza kusikia kitu. Mkewe alikuwa anasikia sikioni na amefumba macho asione kitu. Na bado neno la mmoja na mkasi wa mwingine vilianguka pamoja, kila mara, bila kukosana hata upana wa uzi. Watu wasiopungua ishirini walisimama wakiusikiliza moyo wa mwanamke mmoja ukigonga meza. Bombani ndoo ya mtu ilijaa, ikafurika, maji yakatambaa uani yakafika kwenye viatu, na hakuna aliyekwenda kufunga. Wifi yake, ambaye hakujulikana kwa kukosa neno, alikuwa amejishika kifua chake mwenyewe kama anayetafuta kitu mfukoni.

Mkasi ukanyamaza.

"Ni wangu?" Mama Vifungo alinong'ona. "Hicho chote ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Wala si leo tu."

Akatazama mikono yake. Wiki tatu alikuwa amempigia kelele jirani, amekusanya sahihi, ametukana plagi, na kumbe aliyekuwa akigonga alikuwa ndani yake, anafanya kazi bila kupumzika tangu kabla yeye hajajua hata kuongea.

"Sasa nisikilize," fundi alisema, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi. "Mimi mtu si fani yangu. Lakini mota ikisikika mpaka nje ya nyumba yake, huwa inasukuma kwa nguvu ambayo mabomba hayaiwezi. Ningeizima niitazame. Yako haizimwi. Twende zahanati, sasa hivi."

"Kwanza nibadili nguo."

"Hivyo hivyo na futi kamba yako."

*

Nesi wa zahanati alikuwa mfupi, amechomeka kalamu mbili nywelini. Alimkalisha Mama Vifungo kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupandanishwa, mkono juu ya meza. "Dakika tano. Hatuongei." Akamtazama wifi. "Na wewe uliyesimama. Hasa wewe."

Zilikuwa dakika tano ndefu kuliko zote ambazo wifi yule aliwahi kuziishi.

Mkanda ukauzunguka mkono, ukabana, ukabana zaidi, ukaanza kulegea. Nesi alitazama namba, akaandika. Akahamia mkono wa pili. Akasubiri, akapima tena.

"Mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na sita," alisema. "Presha, mama. Tena imepanda mno. Ilitakiwa ikae chini ya mia moja arobaini kwa tisini. Kichwa kinauma?"

"Kisogoni. Asubuhi."

"Macho?"

"Tundu la sindano naliona mawili. Na vijidoa."

"Damu puani?"

Karani akageuka ghafla. "Mbona hukuniambia?"

"Ilikuwa mara moja. Nilihangaika na shati."

"Unahema ukiwa umekaa?"

Karani akajibu yeye, polepole. "Anahema."

Nesi hakushangaa. Waliokuwa wanashangaa ni wao. Mama Vifungo aliona vipande alivyokuwa amevitupa pembe tofauti za chumba, kichwa huku, sindano kule, damu, pumzi, mdundo, vikiokotwa kimoja kimoja na mwanamke asiyemjua, vikiunganishwa, na mwisho wake vikawa vazi moja lililomtosha barabara. Yeye, fundi cherehani wa miaka yote hiyo, hakuwa ameona mshono.

Tabibu alikuja, akammulika machoni, akasikiliza kifua, akataka mkojo upimwe. Mama Vifungo alimeza vidonge palepale, akalazwa kwenye benchi mpaka namba zianze kushuka. Nesi alikaa pembeni yake, akamwambia kama anavyomwambia mdogo wake: dawa kila siku saa ile ile, chumvi ipunguzwe, arudi kesho kutwa. Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukifa nguvu, ulimi ukiwa mzito, kifua kikibana, asingoje hata dakika moja, wala kumaliza pindo.

"Na nikuambie jingine," alisema. "Wewe umebahatika. Wengi hawasikii chochote. Hakiumi kichwa, hakidundi kitu. Mtu anacheka na wenzake asubuhi, mchana anaanguka. Wewe umepigiwa kelele."

"Hata mimi nilisema ni kelele," Mama Vifungo alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

"Haya, na wewe uliyemleta," nesi alimwambia fundi. "Kaa."

Fundi Sikio aligeuka kutazama nyuma yake. "Mimi? Mimi ni chuma."

"Chuma nacho hupimwa. Ni bure."

Alikaa akitabasamu, akakunja mkono wa shati uliojaa grisi. Dakika tano. Mkanda ukabana, ukalegea. Nesi akapima tena, akapima mkono wa pili. Tabasamu la fundi likaanza kuchoka usoni.

"Mia moja themanini na nne kwa mia moja na kumi."

"Za nani hizo?"

"Zako."

"Lakini sisikii kitu."

"Ndiyo," nesi alisema.

Fundi alifumba macho. Wote waliona anachofanya: alikuwa anasikiliza. Mtu aliyesikia beringi zikifa ndani ya chuma alikaa pale na uso umekunjamana, akijitafuta ndani kwa bidii zote, na ukimya ukamrudishia ukimya. Alipofumbua, alikuwa na macho ya mtoto aliyepotea sokoni.

*

Siku ya tisa ya kumeza dawa, Mama Vifungo alijilaza mchana, akaona kuna kitu kimepungua chumbani. Alingoja. Hakikuja. Badala yake vikaja vitu vingine vyote: nzi kwenye pazia, mifagio uani, wifi yake akimsema mtu jikoni, na ng'ambo ya ukuta mngurumo mmoja, mrefu, laini, wa pampu halisi ikijaribiwa. Kumbe ilikuwa sauti nzuri. Alilala akiisikiliza kama mvua.

Suala la barua alikuwa amelimaliza mapema. Alikwenda milango yote kumi na mmoja kwa miguu yake, akasema, "Nilikosea, futa jina lako." Wengine walimpa kiti. Wengine walimwacha nje na kumfanyia mizaha, "Leo jirani yako anadunda?" Alivumilia. Lakini kila mlango, baada ya mizaha, mtu alishusha sauti na kuuliza, "Hivi na hicho kisogo, kilikuwa kinauma upande gani?" Naye akajibu wote jibu moja: usinisikilize mimi, nenda kapimwe, hata kama huumwi. Kufikia siku ile foleni ya zahanati ilikuwa imeizidi ya bombani, na Mama Kodi mwenyewe alionekana humo, mwavuli kichwani, akibishana na nesi kwamba mkanda ni mdogo.

Alipoinuka alikwenda karakana. Fundi alikuwa ameinamia meza. Juu ya rafu, kati ya kopo la nati na kopo la boliti, ilikaa pakiti ya vidonge vya zahanati. Mama Vifungo aliishusha. Haikuwa imefunguliwa.

"Fundi. Nini hiki?"

"Ni vidonge tu."

"Naviona. Siku tisa!"

"Mama, mimi sisikii kitu. Nimejisikiliza usiku na mchana. Nikianza kusikia, nitameza."

"Ukianza kusikia utakuwa chini, na mimi ndiye nitakayesikia kishindo." Sauti yake ilipanda, na bombani ndoo zikaanza kuwekwa chini. "Mimi nilipigiwa kelele wiki tatu, bado nikasema ni wewe. Wewe hupigiwi. Unangoja nini?"

"Nangoja nile vizuri kwanza. Mchana sina mpishi, nakunywa chai tu. Dawa kali juu ya tumbo tupu..."

"Nesi hakusema tumbo. Alisema saa ile ile, kila siku."

Fundi alishika nati moja akaizungusha kwenye vidole, akaizungusha tena. Macho yake hayakutoka kwenye nati, na hapo Mama Vifungo alielewa kwamba jirani yake hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa. Kumeza ni kukubali kwamba ndani yake kuna kitu ambacho sikio lake halikijui.

Akashusha sauti. "Hata mimi kile cha kwanza nilikimeza nikitetemeka. Karani alinishikia kikombe." Akaitia pakiti mfukoni mwa gauni lake. "Lakini kama kisingizio ni tumbo, tumbo tunaliweza. Wifi! Sahani moja zaidi!"

"Ya nani?" ikajibu sauti kutoka jikoni.

"Ya fundi!"

Kifuniko cha sufuria kikalia. "Mwambie mapema chumvi hakuna. Asije akasema nimemfanyia makusudi!"

Foleni ikacheka. Fundi naye akacheka, kidogo tu, puani, kisha akaweka nati mezani na kuanza kunawa grisi kwenye beseni. Alinawa mpaka viwiko. Walipofika kizingitini akasita na miguu yake ya karakana, akivitazama vitambaa vyeupe vilivyotandazwa kila mahali, na Karani aliyekuwa amekwisha kukaa akasogea kumpisha.

"Karibu ndani, fundi," Mama Vifungo alisema, akivikunja vitambaa pembeni. "Tule."